Simu ya mezani, au waya wake? Ulinganisho kwa mwenye nyumba ya wageni Malindi

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Malindi, mtaa wa Shella. Si Shela ya Lamu. Wageni huzichanganya, na kuna mmoja alishuka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, kisha akatupigia kutulaumu mbona hatukuja kumpokea. Mwezi uliopita wakala mmoja wa Milano alimtumia shangazi fomu ya kujaza kwenye intaneti. Kulikuwa na kisanduku cha namba ya mkononi, na kisanduku kingine chenye nyota nyekundu cha namba ya mezani. Hicho cha pili ukikiacha kitupu, fomu inakataa kwenda. Akaniita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, keti. Niambie, nitie simu ya mezani au nisitie? Hawa kwao kila nyumba ina simu ya mezani. Wasije wakaniona mie muuza mbaazi wa kando ya ndia."

Nikamwomba siku chache. Swali lake lilikuwa na dai ndani yake, kwamba kwao kila nyumba ina simu, na dai hilo ndilo lililonipeleka kwenye takwimu za nchi za watu. Niliyoyakuta huko sikuyatarajia, kwa hivyo nayaandika kwa yeyote mwenye duka, zahanati, madrasa au nyumba ya kukodisha ambaye naye ameulizwa namba ya mezani akababaika.

Papa na ng'onda

Takwimu za simu zina vipimo viwili, na ukivichanganya utakuwa umepima papa kwa mizani ya ng'onda. Kipimo cha kwanza huhesabu laini kwa kila watu 100. Cha pili huhesabu nyumba zenye simu kwa kila nyumba 100. Marekani, sensa ya mwaka 2000 ilikuta nyumba 97.6 katika kila 100 zina huduma ya simu. Mwaka huo huo laini zao za waya zilikuwa kama 68 kwa kila watu 100. Hesabu zote mbili ni sahihi, maana nyumba ya watu wanne hutosheka na laini moja, na ofisi ya watu thelathini huweka kumi. Anayetaka kuwasifu atataja ya kwanza, asiyewapenda atataja ya pili.

Sisi Kenya mwaka huo tulikuwa na laini laki tatu hivi kwa watu wanaokaribia milioni 30, yaani laini moja kwa watu 100. Na hiyo moja usidhani ilikuwa sebuleni kwa mtu. Nyingi zilikuwa za ofisi, benki, hoteli na serikali, na Nairobi ilikuwa imejichotea sehemu kubwa. Ungeingia mitaa yetu ya Barani au Maweni kuitafuta hiyo laini moja, ungetembea hadi ndara zikatike.

Halafu kuna simu zinazohesabiwa kuwa za mezani na hazina waya. Uchina walikuwa na kitu kiitwacho Xiaolingtong, simu ndogo ya kutembea nayo mjini lakini kwa bei na namba za mezani, na makumi ya mamilioni yake yaliingizwa kwenye hesabu ya laini za mezani. Ndiyo sehemu ya siri ya kilele chao cha 2006, laini kama milioni 368. Hata kwetu, mwaka 2007 na 2008 zilipokuja zile simu za mezani zenye antena badala ya waya, vitabu vya takwimu vikaonyesha Kenya imepanda ghafla. Waya mpya haukuwa umechimbiwa popote. Kwa hivyo mtu akikwambia nchi fulani ina laini nyingi za mezani, muulize kwanza laini gani.

Marekani: bili ya kila mwezi

Alexander Graham Bell alipata hataza yake mwaka 1876. Kufikia 1920 nyumba 35 katika 100 za Marekani zilikuwa na simu, na 1929 zikakaribia 42. Ukiutazama mstari huu ukidhani utaendelea kupanda tu, utakosea. Uchumi ulipoanguka, watu walirudisha simu. Mwaka 1933 zilikuwa zimebaki nyumba kama 31 katika 100, na hata 1940 hawakuwa wamefika walipokuwa 1929. Wengi walijinyima simu wakabaki na gari na redio. Redio ukishainunua imekwisha, haikudai. Simu inadai kila mwisho wa mwezi, umeongea hujaongea.

Baada ya vita walipanda mbio: nyumba 62 katika 100 mwaka 1950, kama 90 mwaka 1970. Kisha ikaja simu ya mkononi, na katika nusu ya pili ya 2016, kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya nyumba za Marekani zilikuwa na simu za mkononi tupu, bila ya mezani. Kutoka karibu nyumba zote hadi chini ya nusu ni miaka 16. Kupanda kuliwachukua zaidi ya mia.

Bili hiyo ya mwezi ndiyo iliyonifanya nimkumbuke marehemu babu. Duka lake la mji wa kale lilikuwa na simu nyeusi ya kuzungusha, na kwenye duara la namba alitia kufuli kidogo cha shaba, ufunguo shingoni. Simu ya kuingia aliipokea yeyote. Ya kutoka aliifungua yeye. Sisi watoto tulikuwa tumeshajifunza dawa yake: unagonga kile kitufe cha kukatia, mara tatu kwa namba tatu, mara kumi kwa sifuri, na mtambo unadhani umezungusha. Namba zenye tisa na sifuri nyingi zilikuwa kazi. Bili ikija, babu aliitazama, akatazama kufuli, akatutazama sisi.

Kwa hivyo nikamwambia shangazi jambo la kwanza: kabla ya kuuliza bei ya kufungiwa, uliza utakachodaiwa mwezi ambao hakuna mgeni. Mei hapa Malindi mvua inanyesha, hoteli za Casuarina zimefunga milango, na bili haijui kwamba ni masika.

Italia na sisi: wenye waya na wasio nao walikutana kwenye kadi

Hawa ndio wageni wetu wakubwa, basi nimewatazama zaidi. Waitaliano wamezoeana na pwani hii tangu miaka ya sitini, walipoweka kituo chao cha kurushia setilaiti baharini pale Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wetu, ilirushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Mimi hii hunichekesha kila nikipita barabara ya Ngomeni. Chombo kilitoka kwetu kwenda kusikiliza nyota, na mvuvi wa hapo chini akitaka kumsikiliza nduguye aliye Mombasa sharti apande matatu hadi Posta ya mjini.

Lakini hata hao Waitaliano usidhani kila nyumba ilikuwa na simu yake. Kampuni yao ya simu wakati huo iliitwa SIP, na nyumba nyingi ziliunganishwa kwa mtindo wa *duplex*, yaani nyumba mbili laini moja: jirani akiongea, wewe unangoja. Aliyekosa alikwenda baa ya mtaani na sarafu maalumu iitwayo *gettone*. Sarafu hiyo ilikuwa ya shaba yenye mifereji, na watu waliizoea hata wakawa wanaipokea dukani kama chenji. Ilistaafishwa mwisho wa 2001, pamoja na lira. Muulize Mtaliano yeyote mwenye mvi anayekunywa kahawa Malindi, atakueleza kwa mikono miwili.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Mwaka 1996 kampuni ya TIM ilianza kuwauzia kadi za simu ya mkononi za kulipia kabla. Mikataba ya kulipa baadaye ilikuwa na ushuru wa serikali kila mwezi, kadi haikuwa nao, basi watu wakaikimbilia kadi. Kufikia 2000 Italia ilikuwa na laini za mkononi kama milioni 42 na za waya kama milioni 27. Vijana wao wakabuni mchezo wa kupiga mlio mmoja na kukata ili salio lisiguswe. Wao huuita *squillo*. Sisi tuliuita kubip, na kila mmoja wetu alidhani ni ujanja wa kwao pekee.

Kwetu mambo yalikwenda hivi. Waya wa simu za maandishi ulifika pwani hii mapema sana, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukitoka Mombasa kupita Malindi hadi Lamu. Simu ya kuongea ilianza Nairobi na Mombasa mwaka 1908. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tukapata shirika letu la posta na simu, likagawanywa 1999, na mwaka 2000 Safaricom na Kencell wakaingia sokoni kwa kishindo. Kabla ya 2002 kwisha, simu za mkononi zilikuwa zimeziacha mbali zile laini laki tatu zilizotuchukua karibu karne nzima kuzifikisha hapo. Leo laini za mkononi Kenya ni zaidi ya milioni 60, nyingi kuliko watu. Laini za waya wa shaba zilizobaki ukizilinganisha na hizo ni kama chumvi kwenye sufuria ya pilau.

Watu hupenda kusema Waafrika tuliruka hatua. Mimi siipendi kauli hiyo. Mwaka 1995 huko Brussels, Thabo Mbeki aliwaambia wakubwa wa nchi tajiri kwamba Manhattan peke yake ina simu nyingi kuliko Afrika yote ya kusini ya Sahara, na wengi wakaona miaka kumi baadaye kwamba pengo limezibwa. Kwa upande wa kuongea, ndiyo, limezibwa. Lakini ule waya wa sebuleni wa Mtaliano haukukaa bure simu ilipoachwa. Miaka ya 2000 mwanzoni uligeuzwa njia ya intaneti, kwa teknolojia iitwayo ADSL: waya ule ule wa shaba wa kumpigia bibi ukawa unaleta filamu, shule na benki, kwa bei isiyohesabu dakika wala megabaiti. Sisi ambao hatukuwa na waya tuliinunua intaneti kwa bando, kipimo kwa kipimo, kama mafuta ya taa ya kibaba. Wao walibakiwa na mfereji. Sisi tulibakiwa na ndoo.

Hapo ndipo swali la shangazi lilipogeuka kichwani mwangu.

Ujerumani mbili: waya mpya uliokuwa mtego

Ukitaka kuona nchi mbili zikilinganishwa bila kisingizio cha lugha, hali ya hewa wala mila, tazama Ujerumani ya Magharibi na ya Mashariki mwaka 1989. Magharibi zaidi ya nyumba 9 katika 10 zilikuwa na simu. Mashariki ilikuwa nyumba moja hivi katika 6, na foleni ya kuomba ilihesabiwa kwa miaka kumi na zaidi. Baadhi ya mitambo ilikuwa ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Kwa Berlin ilikuwa mbaya zaidi: simu kati ya pande mbili za mji zilikatwa 1952, zikarudishwa 1971 kwa laini kumi tu. Mji mmoja, na mtu hawezi kumpigia shangazi yake ng'ambo ya ukuta.

Baada ya kuungana, serikali ilimwaga pesa kwa mpango ulioitwa Telekom 2000, na kufikia 1997 hivi Mashariki ilikuwa imewafikia Magharibi. Wengine walipewa kitu cha kisasa kuliko hata Magharibi: nyaya za kioo, yaani faiba, badala ya shaba, mfumo wao wa OPAL. Hongera. Miaka michache baadaye ADSL ikaingia, na ADSL hupita kwenye shaba tu. Mtu wa Magharibi mwenye waya wa zamani akapata intaneti ya kasi. Wa Mashariki mwenye waya mpya wa kioo, uliowekewa vyombo vya kubeba sauti tu, akakaa miaka akingoja. Watu wazima walilalamika kwamba wamepewa waya mzuri mno.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu fundi aliyemtembelea shangazi alitaka kumuuzia kwa neno moja tu: "faiba". Faiba si jibu. Ulizia inaishia kwenye chombo gani, inabeba nini, na ukitaka kubadilisha baadaye ni nani atakayegharamika.

Wengine, kwa haraka

Uingereza ya 1972 ilikuwa na simu kwenye nyumba 42 tu katika 100. Narudia, 42, nchi iliyotutawala na kutuletea masanduku ya posta mekundu. Ilifika 81 mwaka 1985. Sasa wanauzima mtandao wa zamani kabisa. Tarehe ilikuwa mwisho wa 2025, ikasogezwa hadi Januari 2027, kwa sababu ya wazee wanaovaa kitufe cha kuitia msaada kinachotegemea laini ya zamani. Laini ya shaba huja na umeme wake kutoka kwenye mtambo, basi taa zikizima simu inalia. Simu ya kupitia faiba haina umeme wa kuletewa. Kwa hiyo huko kampuni zinatakiwa ziwape wasio na njia nyingine betri ya angalau saa moja ili waweze kupiga namba ya dharura. Kwa mtu wa Malindi hii ni habari kubwa kuliko asilimia zote nilizotaja, na nitairudia.

Ufaransa walikuwa kichekesho chao wenyewe. Walikuwa wakisema nusu ya nchi inangoja simu na nusu inangoja mlio wa simu. Laini milioni 4 hivi mwaka 1970, kisha katikati ya muongo huo wakaamua, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa na milioni 20. Wakazitumia laini hizo kwa Minitel, kisanduku chenye skrini cha kukatia tikiti na kutafutia namba, tangu 1982 hadi 2012. Wao waliona mapema kwamba waya unaweza kubeba zaidi ya sauti. Tangu Novemba 2018 hawauzi tena laini mpya za mtindo wa zamani.

Japani ulinunua haki ya kuwa na laini kama unavyonunua kiwanja: yen 72,000, na watu waliuziana hizo haki. Mwaka 2005 bei ikakatwa nusu, na waliozihesabu kuwa mali wakabaki wameshika karatasi.

India nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyonisaidia kuamua. Nao walingoja laini kwa miaka, nao walikuwa na vibanda vya simu kila kona, nao mkononi iliwapita kama mvua ya kusi. Laini zao za mezani zilifika kama milioni 50 katikati ya miaka ya 2000, zikashuka hadi milioni 20 hivi kufikia 2020. Kisha zikaanza kupanda tena. Hakuna aliyeamka asubuhi akitamani simu ya mezani. Watu walitaka intaneti ya faiba nyumbani, na faiba ikaja na namba ya mezani ndani yake, kama kachumbari inayokuja na biriani. Duniani kote laini za mezani zilifika kilele mwaka 2006, bilioni moja na robo hivi, na zimekuwa zikishuka tangu hapo. India ni mahali pamoja pa kuona zikipanda na kujua kwa nini.

Basi, nyumba ya Shella

Nilirudi kwa shangazi na njia nne, na sizipi uzito sawa.

Laini ya shaba ya zamani niliitoa mara moja. Sifa yake moja, ya kulia taa zikizima, naiheshimu. Lakini upepo wa chumvi wa hapa hula kila kiungo cha shaba kilichoachwa wazi, na wezi wa waya humaliza kilichobaki. Na nchi ambazo zilikuwa na nyaya hizo kwa mamilioni ndizo zinazozing'oa. Vipuri na mafundi wa kitu kinachong'olewa Ulaya hutavipata Malindi.

Simu ya mezani ya kutia laini ya mkononi, ile yenye umbo la simu ya ofisi lakini ndani ina kadi, ni nzuri kwa kaunta. Kila mfanyakazi anaipokea, haiondoki na meneja akienda kuoa, na betri yake inahimili taa zikizima. Namba yake, hata hivyo, ni ya mkononi. Kama shida yako ni meza tupu, nunua. Kama shida ni fomu ya Milano, haitakusaidia.

Kubaki na simu ya mkononi na WhatsApp peke yake ndivyo wanavyofanya majirani wengi, na biashara zao zinakwenda. Wageni wa Kitaliano wenyewe huandika WhatsApp kabla hawajafikiria kupiga. M-Pesa ya mteja wa Nairobi nayo huingia kwenye namba ya mkononi; simu ya mezani haiwezi kupokea hata shilingi. Yeyote mwenye chumba kimoja au viwili ninamshauri aishie hapa, na fedha alizokusudia za simu anunulie neti za mbu.

Shangazi lakini ana vyumba sita, na wageni wake wa siku hizi hukaa mwezi wakifanya kazi zao kwenye kompyuta ukumbini. Hao huuliza kasi ya intaneti kabla ya kuuliza kama maji ni ya moto. Mwaka jana alikuwa akinunua bando kila siku mbili kama mtu anayenunua mkate. Yeye anahitaji waya. Namba ya mezani ataipata juu yake, kama Wahindi, na kama haikupatikana kwenye kifurushi hicho, hajapoteza kitu. Kwa hivyo ushauri wangu ulikuwa: lipia faiba kwa ajili ya intaneti, chukua namba ikiwa inakuja nayo, usilipe senti ya ziada kwa ajili ya chombo cha mezani peke yake. Starlink ipo Kenya tangu Julai 2023 na nimeifikiria kwa binamu yetu wa Matondoni, ambako kungoja waya ni kungoja meli iliyozama, lakini Shella faiba inapita juu ya nguzo mbele ya mlango.

Maswali niliyomwandikia amuulize fundi ni haya, na hayakuwa mengi. Mwezi ambao sina mgeni nalipa kiasi gani? Nikisimamisha Aprili hadi Juni, namba yangu inabaki yangu? Namba inaanza na 042, msimbo wetu wa Malindi na Lamu, au na nyingine? Chombo chenu cha ukutani ni mali yenu au yangu kikipigwa na radi? Na la mwisho, stima ikikatika?

Hilo la mwisho fundi alilijibu kwa kucheka, kwa hivyo tulilijibu wenyewe. Tulinunua betri ndogo ya kuwashia kisanduku cha intaneti, inakaa saa kadhaa, na ile simu ya mkononi ya zamani ya shangazi, yenye vitufe, imebaki kaunta ikiwa na chaji wakati wote kwa ajili ya kupiga daktari au polisi. Waingereza wanashurutisha saa moja. Sisi tunaijua stima yetu vizuri zaidi.

"Kwa hivyo nitie au nisitie?" aliniuliza tena, maana alikuwa amechoka na Ujerumani.

"Tia waya, shangazi. Simu itakuja yenyewe."

Alitia. Namba ikaja, akaijaza kwenye kisanduku chenye nyota nyekundu, fomu ikakubali. Siku tatu wakala hakupiga, na siku ya nne akaandika WhatsApp kwamba kila akipiga namba ya mezani haiendi. Nilipotazama fomu nikaona shangazi ameandika +254 kisha akaweka na sifuri ya mbele, kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye namba ya wakala mwenyewe. Namba za mezani za Italia ndizo zinazobaki na sifuri yake hata ukipiga kutoka ng'ambo, tangu 1998: Roma ni +39 06. Zetu sifuri inatoka ukishaandika +254. Tukaifuta, akapiga, ikalia kaunta kwa mara ya kwanza, na kila mtu ndani ya nyumba akakimbia kuipokea isipokuwa shangazi, ambaye alikuwa akiwapikia wageni na akasema huyo wakala kama ana haraka aandike WhatsApp.